Uji wa Loice

Drusilla hakumpenda Loice, mke wa mwanawe, tangu siku aliyoletwa, na hakujisumbua kulificha jambo hilo. Alimwona mvivu. Alimwona mwepesi wa kucheka. Kule kwao ziwani, alizoea kusema, mwanamke aliyeolewa hachekicheki na kila mpita njia. Ila hapa Kericho, kwenye majani chai, watu wamesahau walikotoka.

Drusilla alikuwa mjane. Mumewe alichukuliwa na serikali kubeba mizigo wakati wa vita vya Wajerumani, akaenda moja kwa moja, hata blanketi lake halikurudi. Katika watoto wake aliyebaki ni mmoja, Joab, na Drusilla alimlea kama mtu anayekinga kaa la moto kwa viganja. Joab alipokua akapata kazi ya kuchochea tanuri katika kiwanda cha chai, akaoa, kisha akamwita mama yake aje kukaa karibu naye. Drusilla alipewa chumba mlango wa pili kutoka kwa mwanawe, maana kwao mama halali nyumba moja na mwana aliyeoa. Mchana alichuma majani na wanawake wengine wa laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu, kapu mgongoni. Jioni alikaa mlangoni pake, akautazama mlango wa Joab.

Masika yalipoanza, mwaka uliofuata ule wa nzige wengi, alimwona Loice mahali pa kugawiwa posho akicheka na mtu wa kupima unga. Kucheka tu. Drusilla alinyamaza mpaka Joab aliporudi kutoka kiwandani, macho mekundu kwa moshi, akamwita kando akamwambia. Hakuongopa sana. Aliongeza kidogo tu: kwamba yule mwanamume alimshika Loice mkono, na Loice hakuutoa.

Joab hakuuliza lolote. Aliingia kwake. Drusilla, aliyekuwa ameinama akipepeta punje za wimbi, alisikia kishindo kimoja kizito, kisha sufuria ikibingirika sakafuni. Hakusikia mtu kulia. Alipofika alimkuta Loice amelala ubavu karibu na mafiga, damu imemjaa sikioni, na Joab amesimama na ukuni mkononi kama mtu aliyeombwa aushike kwa muda.

"Mama," Joab alisema. "Mama, nimefanya nini?"

"Hukufanya kitu. Alikwenda msituni kuokota kuni, tawi likamwangukia. Lete hiyo."

Aliuchukua ule ukuni, akaenda nao kwake, akausukuma motoni chini ya chungu. Kisha ndipo akatoka nje akapiga mayowe.

Hospitali ya shamba ilikuwa na vitanda vichache, na vyote vilikusudiwa watu wanaoweza kurudi kazini. Daktari Mzungu alimnyoa Loice nywele, akatoa kipande cha mfupa, akashona. Alilitazama jeraha kwa muda mrefu, akamtazama na Joab. Kesho yake askari wawili walikuja kutoka boma wakamchukua. Wakauliza laini nzima. Hakuna aliyeona. Aliyejua, mbali na mama na mwana, alikuwa Loice mwenyewe, naye alilala macho nusu wazi, nusu yamefungwa, ukipitisha mkono mbele yake hapepesi. Joab akaachiliwa.

Drusilla alikuwa akimngoja nje ya boma na chakula kwenye kikapu. Joab alitoka akifuatana na karani aliyekuwa akitafsiri maneno yake, kijana wa Kikuyu aitwaye Kinyua, mwenye viatu na sauti ya chini.

"Usifurahi bado," Kinyua alimwambia Joab. "Sheria ya Wazungu iko hivi. Huyo mwanamke akifa kabla ya mwaka mmoja na siku moja kutimia tangu aumie, itahesabiwa kwamba aliyempiga ndiye aliyemuua. Watakurudia. Watachimba kila neno ulilosema. Na mwisho wa njia hiyo ni kamba. Akifa baada ya hapo, kamba haipo tena."

"Na akipona, baba?" Drusilla aliuliza.

Kinyua alimgeukia kana kwamba ndiyo kwanza amemwona. "Akipona akaweza kusema, mama, si ataulizwa ni tawi gani hilo?"

Mama na mwana walirudi kutoka boma kwa miguu. Walipofika kwenye daraja la shamba Drusilla alikuwa ameshaielewa kazi iliyo mbele yake. Loice asife. Na asipone.

Wiki chache baadaye hospitali ilihitaji kile kitanda. Loice aliletwa kwa machela mpaka chumbani kwa Drusilla, akiwa na kidonda juu kidogo ya makalio, mahali mfupi unapogusa godoro, kipana kama kiganja na chenye harufu ya panya aliyekufa. Dresa wa hospitali, mfunga vidonda, Mkisii mmoja wa makamo jina lake Orina, alikuja naye kumwonyesha Drusilla la kufanya.

"Hiki kidonda ndicho kitamuua, si kichwa," Orina alisema. "Kidonda, au uji. Usimwache upande mmoja. Mgeuze kabla hujakwenda shamba, mgeuze mchana, mgeuze ukilala na ukiamka. Weka nguo katikati ya magoti. Visigino visiguse kitu. Akijikojolea, badilisha hapo hapo, osha, kausha, paka mafuta."

"Na kula?"

"Uji mwepesi. Mwinue, kichwa kiwe juu, kidevu kishuke. Kijiko kimoja, halafu ngoja. Weka kidole hapa kooni uone kimepanda na kushuka ndipo utie kingine. Usimlishe akiwa chali, hata siku moja. Uji ukienda kwa mapafu, mwangushe ubavu haraka, kichwa chini, ingiza kidole utoe kilicho mdomoni, piga mgongo. Ukichelewa, basi." Orina alifunga mkoba wake. "Na ongea naye. Daktari anasema hasikii. Mimi nimeona wanaosikia."

Drusilla alifanya yote. Hakuna mtu katika laini aliyewahi kuona mkwe akitunzwa namna ile. Aliomba nyapara ruhusa ya kuchuma shamba la karibu, akawa anarudi katikati ya mchana mbiombio, kanga imeloa umande. Alimgeuza, akamfuta kinywa kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, ulimi na ufizi, akamtoa ukoko wa midomo. Alijaza majani makavu katika magunia akamwekea chini ya miguu. Aliosha matambara mtoni mpaka vidole vikachunika. Kile kidonda alikisafisha kila siku kama alivyoonyeshwa, kikaanza kuwa chekundu, kikajaa nyama, mwisho kikaziba, likabaki kovu la kung'aa. Orina alipoliona alitikisa kichwa.

"Hata hospitali hatuwezi hivi," alisema.

Wanawake wa laini wakaanza kumwita mama wa kweli. Walikuja kumsaidia kuchota maji. Kanisani mwalimu alimtaja, akawaambia wakwe wote wamtazame Drusilla. Naye Drusilla alitazama chini, na waliomwona walidhani ni unyenyekevu.

Ukweli ni kwamba alimlisha Loice kama mtu anavyomlisha fahali aliyewekwa rehani. Kila kijiko kilichoshuka salama kilikuwa cha Joab. Akikohoa, Drusilla aliona shingo ya mwanawe. Siku homa ilipompanda Loice, Drusilla alikesha akimpoza kwa matambara, akimnong'oneza sikioni kwa meno yaliyoumana, "Hufi. Hufi hapa, wewe. Hunifii mimi."

Joab hakuingia mle chumbani. Alisimama nje akauliza, "Bado yupo?" Akiambiwa yupo, alikwenda zake kiwandani.

Mvua zilipopungua na baridi ya Kericho ikaingia, Loice akaanza kurudi. Kwanza macho: yalimfuata Drusilla kutoka mlangoni mpaka jikoni. Kisha mkono wa kushoto uliweza kushika ukingo wa kanga. Halafu asubuhi moja, Drusilla alipokuwa akipambana na kuku aliyeingia ndani, akajikwaa, akakaa chini kwa kishindo, akasikia sauti nyuma yake. Loice alikuwa anacheka. Mdomo umekwenda upande, mate yanatiririka, lakini kilikuwa kicheko, kile kile alichokuwa amekichukia. Drusilla alibaki sakafuni. Kabla hajajua anafanya nini, naye alicheka.

Siku zilizofuata alijikuta akiongea naye. Kwanza maneno ya kazi, geuka, meza, fungua. Baadaye akamweleza habari za shamba, nani amegombana na nani mtoni, nyapara gani ametukanwa. Akamsimulia juu ya mumewe. Hakuwa amemsimulia mtu yeyote habari za mumewe kwa miaka mingi. Loice alimtazama. Alikuwa msikilizaji mzuri. Hakuwa na pengine pa kwenda. Orina alipokuja aliona ule mkono ukishika, akafurahi.

"Huyu anarudi," alisema. "Mtoe nje jua likiwaka. Mnyooshe vidole, mikono, magoti, kila siku, visikauke vikiwa vimekunjwa. Mwambie majina ya vitu. Ongea, mama, ongea. Kabla ya Krismasi atakujibu."

Drusilla alimtoa nje. Alimnyoosha vidole kimoja kimoja. Alimwonyesha kijiko akamwambia kijiko, alimwonyesha maji akamwambia maji. Alikuwa amesahau kidogo ile kazi aliyoielewa pale darajani.

Akakumbushwa. Alikuwa amemwegemeza Loice ukutani nje, kwenye jua, naye anavunja vijiti vya kuwashia moto. Loice alivikazia macho. Midomo yake ikahangaika, ikajikusanya, na sauti ikatoka, nzito lakini inayoeleweka.

"Kuni," alisema.

"Ndiyo," Drusilla alisema, akageuka kwa furaha. "Kuni! Sema tena."

"Kuni. Joab." Mkono wa kushoto ulipanda polepole ukagusa upande wa kichwa, pale mfupa usipokuwepo. "Joab. Kuni."

Drusilla alitazama huku na huku. Laini ilikuwa tupu, watu wako shambani. Alimbeba Loice akamwingiza ndani, akafunga mlango, akatundika gunia dirishani.

Tangu siku hiyo aligawanya mafundisho ya Orina mara mbili. Yale ya kumzuia mtu asife aliyashika yote, bila kukosa. Yale ya kumrudisha aliyaacha. Hakumtoa tena nje. Hakumnyoosha. Alimgeuza uso uelekee ukutani, na zamu ya upande wa pili ilipofika alimfunika kitambaa usoni. Alimlisha bila neno. Loice mwanzoni aliita. Alisema "mama," wazi kabisa, mara nyingi, akimtafuta kwa mkono. Drusilla aliuondoa ule mkono kwenye kanga yake akaulaza kifuani pa Loice mwenyewe. Baada ya muda Loice aliacha kuita. Vidole vikaanza kujikunja kuelekea kiganjani, magoti yakapanda tumboni. Orina alipouliza, Drusilla alisema, "Amerudi nyuma, mwanangu. Sijui ni nini. Nadhani ni degedege." Naye Orina, aliyekuwa na wagonjwa wengi na daktari mkali, alisikitika akaenda.

Kakake Loice, Phelix, alikuja siku moja kumwona. Alishuka treni Fort Ternan akapanda mlima kwa miguu siku nzima, akalala njiani, akafika kesho yake asubuhi. Taarifa ilimtangulia, kwa hiyo Drusilla alipata nafasi. Asubuhi ile aliichanganya busaa, pombe nzito ya nafaka, kwenye uji, akampa Loice kijiko kimoja, akangoja, kingine, akangoja, kwa uangalifu ule ule. Phelix alipoingia alimkuta dada yake msafi, ananukia mafuta, ngozi haina kidonda, amelala fofofo. Alikaa kando ya kitanda mpaka jua likageuka. Alimwita jina la utotoni. Loice alifungua macho kidogo, akayafumba.

"Huwa anasema kitu, mama?" Phelix aliuliza.

"Hasemi, mwanangu. Mungu ndiye anajua."

Phelix alipiga magoti mbele yake pale pale kwenye udongo, akamshika miguu, akalia, akamshukuru. Alimwachia jogoo aliyemleta kutoka kwao akiwa amefungwa miguu. Drusilla alimpika jogoo yule Jumapili. Joab alikula, na supu akaletewa Loice.

Mwaka ulitimia, na ile siku yake moja ikapita, bila jambo. Masika yalikuwa yamerudi. Siku iliyofuata Drusilla alitoa gunia dirishani. Alimgeuza Loice uso uelekee kwenye mwanga, akakaa kando yake, akaushika mkono ule wa kushoto akajaribu kuufungua. Haukufunguka. Kucha zilikuwa zimeingia katika nyama ya kiganja. Alizikata, akapaka mafuta, akajaribu tena kesho yake, na kesho kutwa. Alimwambia, "Maji. Haya ni maji. Loice, mimi hapa." Loice alitazama dari.

Joab alikuja akasimama mlangoni. Safari hii hakuuliza kama bado yupo.

"Nimepata msichana," alisema. "Watu wake wamekubali. Lakini hawatamleta kwenye nyumba yenye mtu kama huyu."

"Huyu yuko kwangu, hayuko kwako."

"Mama, karani alisema nini? Imekwisha. Sasa hata akienda hakuna kamba. Lakini akisema, jela ipo palepale. Mpunguzie uji. Kidogo kidogo. Nani atajua?"

"Hawezi kusema tena," Drusilla alisema. "Nimehakikisha hawezi."

"Ulimsikia akisema kuni. Wewe mwenyewe uliniambia."

"Nitafikiri, Joab."

Alikuwa hajawahi kumjibu mwanawe hivyo. Aliendelea kupika uji ule ule, kipimo kile kile. Hakujua kwa nini, na alikasirika kwa kutojua. Hakuwa na huruma, alijiambia. Labda ni mazoea tu. Labda mikono ikizoea mtu haitaki kuachishwa.

Joab hakungoja afikiri. Asubuhi moja Drusilla alikwenda mtoni, akarudi na debe kichwani, akakuta mlango umesukumwa wazi. Joab alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda. Alikuwa amemlaza Loice chali, amembana kidevu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa akimimina uji kutoka kwenye kata, si kwa kijiko, kwa mkupuo. Macho ya Loice yalikuwa yametoka. Yalimwona Drusilla mlangoni.

Drusilla alijua la kufanya, na hakuna mtu katika shamba zima, isipokuwa Orina, aliyelijua kama yeye. Ubavu. Kichwa chini. Kidole. Mgongo. Kitanda hakikuwa mbali.

"Mama," Joab alisema, bila kugeuka. "Acha."

Drusilla akaacha. Alisimama pale, debe la maji kichwani, mkono mmoja umelishika, na hakulitua mpaka kata ilipokuwa tupu. Joab alifuta mkono kwenye suruali, akampita mlangoni, akaenda zamu yake kiwandani.

Ndipo Drusilla alipotua debe akamgeuza Loice ubavu. Alimtoa uji kinywani kwa kidole, akampiga mgongo, akamlaza kichwa chini. Ulitoka mwingi. Mwingine ulikuwa umekwisha kwenda. Pumzi ilikoroma kama maji ndani ya chupa. Jioni homa ilipanda. Drusilla hakwenda shambani tena. Alikaa akifanya yote aliyofundishwa, yote, hata yale aliyoyaacha, akimwita jina, akimnyoosha vidole visivyonyooka. Siku ya tatu Loice akafa.

Orina alikuja, akaweka sikio kifuani, akainua kichwa. "Uji umeingia kwa mapafu," alisema. "Nani alimlisha?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Nilichoka. Nikamlisha chali."

Orina alimtazama, akaitazama kata iliyotupwa chini ya kitanda, akautazama mlango wa Joab. Alikuwa na watoto wake, na kazi yake ilikuwa ya Mzungu. "Kifua," alisema mwisho. "Nitamwambia daktari ni kifua."

Maiti haingeweza kungoja. Ilizikwa siku ile ile kwenye kipande cha shamba kinachoachiwa wafanyakazi, nyuma ya miti ya kuni za kiwanda, udongo umelowa, watu wanateleza. Mama yake Loice, Adoyo, alifika na Phelix baadaye, wakakuta tuta la udongo katika nchi ya watu, mbali na nyumbani, ambako mtu wa kwao hakupaswa kulala. Adoyo alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaomba apelekwe kwa yule mama aliyemtunza mwanawe.

Walikaa wawili kwenye kile chumba. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Adoyo alikipapasa kwa kiganja.

"Phelix aliniambia," alisema. "Aliniambia hukulala mwaka mzima. Mimi mwenyewe niliyemzaa nisingeweza. Dada yangu, niambie. Hata kwa bahati tu, hakutaja kitu? Hakuniita?"

Drusilla alisikia Joab akiongea na Phelix nje, kwa upole, kama mkwe anavyopaswa.

"Hakusema neno," alijibu.

Adoyo alitikisa kichwa, akajifuta. Akauliza tena: alikuwa anakula nini? Alilala upande gani? Alikuwa na maumivu? Na hapo Drusilla akafunguka. Alimweleza juu ya kile kidonda na namna kilivyoziba, juu ya matambara na magunia ya majani makavu, juu ya kidole kooni na kijiko kimoja kimoja. Alimwonyesha kwa mikono. Alisema mengi, yote ya kweli, na Adoyo alisikiliza kwa kiu, akimshika goti, mpaka Joab alipoingiza kichwa mlangoni akasema chakula kiko tayari, wageni wanawe mikono.